Kabla hujanunua paipu: jinsi ya kusoma PN, SDR, skedyuli na geji ili usiuziwe ukuta mwembamba

Watu wengi wanaojenga huku Nairobi, awe wa Ruai, Kamulu, Utawala ama Rongai, fundi akiwatuma hadwea anawapa karatasi imeandikwa "PPR 25 pisi kumi, kondoiti 20 pisi thelathini, paipu ya west nchi nne pisi sita" na imeisha hapo. PPR ni paipu ya plastiki ya maji, kondoiti ni ya kupitisha waya za stima, west ni ya maji machafu. Hakuna mahali ameandika ukuta wa hiyo paipu uwe na unene gani, na hapo ndio pesa inapotelea, juu paipu mbili za saizi moja na rangi moja zinaweza kuwa na kazi tofauti kabisa, moja ya kubeba maji ya moto miaka na miaka, ingine ya maji baridi tu, na ukishapiga plasta hakuna mtu atajua iliyo ndani ni gani mpaka siku ukuta uanze kuloa.

Cha kwanza kuelewa, na ukielewa hiki mengine yote yanakuwa rahisi: paipu za plastiki za milimita zinaitwa kwa kipenyo cha nje. PPR 25 ina milimita 25 nje, hata iwe nyembamba hata iwe nene. Lazima iwe hivyo, kwa sababu soketi, elibo na tii zinashika paipu kwa nje, kwa hivyo kiwanda kikitaka kuongeza unene hakiwezi kuongeza nje, kinaongeza ndani. Ukuta ukinenepa tundu linapungua. Na ndio maana pia PN10 na PN20 (PN ni namba ya presha, ikiwa kubwa ukuta ni mnene) zinaingia kwa elibo moja bila shida yoyote, mtu anaweza kuzichanganya kwa nyumba moja na macho yako yasione.

Cha pili ni swali la kujiuliza kabla ya kuuliza bei: hii paipu itapigwa na nguvu gani? Kama ni maji yanayosukuma kutoka ndani, unatafuta namba ya presha. Kama ni mchanga, zege ama miguu ya watu inayoikanyaga kutoka nje, namba ya presha haikusaidii sana, unatafuta namba ya ugumu. Hizo ni hesabu mbili tofauti na ndio maana kuna alama nyingi hivyo.

PPR, hii ya kuchoma na mashine

Hapa alama ni PN, na kwa 20 na 25 ambazo ndio zinatumika sana nyumbani, unene uko hivi. PPR 20 ya PN10 ina ukuta wa milimita 1.9, PN16 ni 2.8, PN20 ni 3.4, PN25 ni 4.1. PPR 25 ya PN10 ni 2.3, PN16 ni 3.5, PN20 ni 4.2, PN25 ni 5.1. PN yenyewe inataja bar za presha, lakini kwa maji baridi ya digrii 20, na hiyo sehemu ya "maji baridi" watu wanairuka. Plastiki ikipata joto inalegea. PPR ya PN20 ikibeba maji ya digrii 70 muda wote, presha inayoweza kuvumilia kwa miaka mingi inashuka chini ya nusu ya ile iliyoandikwa. Kwa hivyo laini ya maji moto kutoka kwa hita haitakiwi kuwa chini ya PN20, na PN10 ni ya maji baridi pekee, usikubali mtu aiweke kwa laini ya moto ati kwa sababu inaingia kwa fitingi. Kama una sola juu ya paa, pale karibu na paneli maji yanaweza kukaribia kuchemka jua likiwaka, hapo usiweke PPR, weka paipu ya kopa (shaba) kwa hizo meta za kwanza.

Sasa presha yako ni ngapi kwa kweli? Hesabu ni rahisi, kila meta 10 za urefu wa maji ni karibu bar 1. Tangi likiwa juu ya flati ya ghorofa tano, tuseme meta 15 kutoka bomba la chini, yule wa graundi anapata bar 1.5 hivi, yule wa juu kabisa anapata kidogo sana. Mtu anaweza kuuliza, basi kama ni bar 1.5 PN20 ya nini? Sababu ni kadhaa. Kuna pampu ya busta, ambayo wengi wanaweka baadaye wakichoka na maji ya kudondoka. Kuna ule mshtuko wa maji mtu akifunga koki ghafla, presha inaruka juu kwa sekunde moja kupita ile ya kawaida. Kuna joto. Na kuna miaka, kwa sababu hizo namba zimepigwa zikilenga miaka 50, sio mpaka tu mpangaji wa kwanza ahame. Maoni yangu: maji baridi ya tangi bila pampu, PN16 inatosha vizuri, yenye pampu ama ya moto nenda PN20, na PN10 iache nje ya ukuta wa nyumba ya kuishi.

Lakini usiende upande wa pili ukanunua PN25 kila mahali ukidhani nene ndio bora. Kumbuka unene unakula tundu. PPR 20 ya PN25 inabaki na tundu la milimita 11.8 pekee. PN20 inabaki na 13.2. Nyumba ya chini tu yenye tangi kwa stendi ya meta tatu ina presha ya bar 0.3, na ukipitisha hiyo kwa tundu dogo na elibo saba njiani, maji yakifika bafuni yamechoka na instant (ile hita ya shawa ya stima) haiwaki, kwa sababu instant inahitaji maji yasukume swichi yake ndio iwashe moto. Watu wanalaumu instant wanabadilisha ya pili ya tatu, kumbe shida ni paipu. Dawa yake ni kuvuta 25 mpaka bafuni halafu ndio unashuka 20 pale mwisho.

Na hapa kuna mtego mwingine mkubwa kwa nyumba za zamani zenye paipu za chuma. Fundi anakuambia "hii GI ni nusu inchi, tunaweka PPR 20, hiyo ndio nusu inchi". GI ya nusu inchi klasi B, ile ya unene wa kati, ina nje ya milimita 21.3 na ukuta wa 2.6, kwa hivyo tundu ni karibu 16. PPR 20 ya PN20 tundu ni 13.2. Ukipiga hesabu ya eneo umepoteza theluthi moja ya njia ya maji kwa jina moja la "nusu inchi". Inayolingana na ile GI kwa kweli ni PPR 25 ya PN20, tundu lake ni 16.6. Ukibadilisha GI, sema tundu, usiseme inchi.

HDPE na ile SDR inayochanganya watu

HDPE ni ile nyeusi ya rolo yenye mistari ya bluu, inayotoka kwa mita mpaka kwa tangi ama kwa borehole mpaka shambani. Hii inaandikwa PN na pia SDR. SDR ni kugawanya tu: kipenyo cha nje gawanya na unene wa ukuta. Paipu ya 110 yenye ukuta wa milimita 10 ni SDR 11. Kwa hivyo SDR kubwa maana yake ukuta mwembamba, kinyume na PN, na mtu asiyejua akiona SDR 17 na SDR 11 anachukua 17 akidhani ndio kali.

Uzuri wa SDR ni kwamba inashika presha ile ile kwa saizi zote. PE100 ya SDR 11 ni PN16, iwe 32 yenye ukuta wa 3.0, iwe 63 yenye 5.8, iwe 110 yenye 10. SDR 17 ni PN10, mfano 63 yenye ukuta wa 3.8. Lakini angalia pia kama imeandikwa PE100 ama PE80, hiyo ni nguvu ya plastiki yenyewe, na SDR 11 ya PE80 haifiki 16, inaishia 12.5. Yaani unene peke yake haujamaliza habari, lazima ujue pia ni plastiki gani.

Mwenye borehole asikilize hapa vizuri. Tuseme maji yako chini meta 120 na tangi liko juu meta 10, pampu inasukuma meta 130, hiyo ni bar 13 kabla hujaongeza msuguano. Paipu ya PN10 hapo ni kungoja tu ipasuke, na itapasukia chini kwa shimo mahali hutaiona. Kule juu karibu na tangi presha ni ndogo, unaweza kushuka daraja, lakini chini huwezi. Na HDPE ikilala juani juu ya ardhi inapata moto, ikifika digrii 40 inabaki na kama robo tatu tu ya presha yake, kwa hivyo izike, na hapo pia hutaikata na jembe.

Skedyuli na klasi

Skedyuli 40 na 80 ni mambo ya Marekani, utaziona kwa vifaa vya swimming puli, mashine za kuchuja maji na vitu vilivyoletwa kutoka huko. Zinafanana nje: paipu ya inchi moja ni milimita 33.4 nje kwa zote mbili, 40 ina ukuta wa kama 3.4 na 80 ina kama 4.6. Tofauti yake na SDR ni kwamba skedyuli moja haimaanishi presha moja. PVC ya inchi moja skedyuli 40 inavumilia psi 450, ambayo ni bar 31 hivi, lakini ya inchi nne skedyuli 40 hiyo hiyo inavumilia psi 220 tu. Paipu ikikua presha inashuka. Na ni baridi tu, maji ya digrii 60 yakiingia PVC inabaki na karibu moja ya tano ya nguvu yake. Jambo la kuangalia sana: paipu ya milimita 32 haikai vizuri kwa fitingi ya inchi moja ya skedyuli, tofauti ni milimita 1.4, na gundi haijazi nafasi hiyo hata ukimwaga kopo zima.

PVC za presha za mtindo wa Uingereza zinaitwa kwa herufi: klasi B bar 6, C bar 9, D bar 12, E bar 15. Bado utasikia hayo majina hadwea. Ukiambiwa "ni klasi C" sasa unajua.

Paipu za west, hapa hesabu inageuka

Paipu ya choo na maji machafu haina presha ndani, maji yanateremka yenyewe, kwa hivyo usiitumie kwa maji ya kunywa ya presha hata siku moja hata kama imeonekana nene. Adui yake yuko nje, ni udongo na magari. Hapo alama ya kutafuta kwa zile za kuzikwa ni SN, yaani SN2, SN4, SN8, ugumu wa kukataa kubonyea, na ukubwa wa 160 unaona tofauti wazi: SN2 ina ukuta wa milimita 3.2, SN4 ina 4.0, SN8 ina 4.7. Paipu ya 110 nzuri ya kuzika haitakiwi kuwa chini ya 3.2.

Mbona milimita chache hivyo ziongeze ugumu mara nne kutoka SN2 mpaka SN8? Kwa sababu ugumu wa kubonyea hauendi moja kwa moja na unene, unaenda na unene mara tatu, yaani unene zidisha unene zidisha unene. Ukiongeza unene mara mbili ugumu unaongezeka mara nane. Na kinyume chake ndio kinauma: muuzaji akikupunguzia moja ya tano tu ya ukuta, kutoka 3.2 mpaka kama 2.6, kitu ambacho macho hayaoni, umepoteza karibu nusu ya ugumu. Kwa presha ya ndani ukipunguza moja ya tano unapoteza kama moja ya tano. Kwa mzigo wa nje unapoteza nusu. Hii ndio sababu mimi huwa mkali kwa paipu za west na kondoiti kuliko hata za maji, watu wanaziona ni za takataka na za waya wananunua ile ya bei ya chini kabisa.

Kama uko upande wa Syokimau, Embakasi, Athi River, ule udongo mweusi wa pamba unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, unaisukuma paipu huku na huku. Hapo SN4 kwa uchache, SN8 pale gari linapita getini, na paipu ilazwe juu ya mchanga na ifunikwe na mchanga kwanza, isiguse ule udongo wala mawe. Paipu nene iliyolala juu ya jiwe bado itavunjika.

Kondoiti

Hapa ndio maneno ya hadwea hayana maana yoyote. "Boss hii ni hevi." Hevi ya nani? Laiti geji na hevi geji zina kipimo chake, na kwa mfumo wa kimataifa wa IEC 61386 kondoiti ina tarakimu zake, ya kwanza ndio ya kukandamizwa. 1 inavumilia niutoni 125, 2 ni 320, 3 ni 750, 4 ni 1250, 5 ni 4000. Niutoni 320 ni kama uzito wa kilo 33. 750 ni kama kilo 76. 1250 ni kama kilo 127. Wanabonyeza kwa chuma cha sentimita tano na paipu haitakiwi kubonyea zaidi ya robo. Tarakimu ya pili ni ya kupigwa, kuangukiwa na kitu, nayo vivyo hivyo namba kubwa ni ngumu zaidi.

Sasa fikiria siku ya kumwaga slabu. Mtu wa kilo 75 anapita juu ya vyuma na wilbaro imejaa zege, kuna poka, ile mashine ya kushindilia zege, inatetemesha, kuna vyuma vinavyoshuka juu ya kondoiti. Ile ya kilo 33 haina nafasi hapo, inalala bapa kama mrija wa soda uliokanyagwa, zege inaingia, na wewe utajua miezi baadaye fundi wa stima akivuta waya na waya unakataa. Ndani ya slabu ni namba 4, ama 3 kama umebana sana na watu wako wanatembea juu ya mbao. Ndani ya ukuta wa mawe uliotinduliwa na kufunikwa na plasta, 3 iko sawa. Juu ya silingi mahali hakuna mtu anagusa, 2 haina shida na hapo okoa pesa yako, hakuna haja ya kujionyesha.

Ukuta mwembamba una shida ingine kwa kona. Kondoiti nyembamba ukiikunja inajikunja katikati na tundu linafungana, hata na springi ndani. Hevi ikikunjwa na springi ya saizi yake inabaki mviringo. Lakini pia kumbuka ile hadithi ya tundu: hevi ya 20 ina nafasi ndogo ndani kuliko laiti ya 20, kwa hivyo kama umepanga waya nyingi za soketi na za kuka (jiko la stima) zipite pamoja, panda 25 badala ya kupunguza unene.

Jinsi ya kukagua pale pale dukani

Soma maandishi ya paipu yenyewe, sio ya risiti. Paipu nzuri imeandikwa mwili mzima, mfano PPR 25 x 4.2 PN20, halafu kiwango, ISO 15874 kwa PPR, ISO 4427 kwa HDPE, na tarehe ya kutengenezwa. Ukiona PN20 na hakuna unene wowote umeandikwa, anza kushuku. Ukiona alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), chukua namba yake ya pamiti utume SM# na hiyo namba kwa 20023, utajibiwa ni ya kampuni gani na bidhaa gani. Haichukui dakika mbili, na uifanye ukiwa bado umesimama kaunta na pesa iko mfukoni.

Halafu nunua kalipa, kifaa cha kupimia unene, hata ile ya plastiki ni sawa kuliko kukisia. Omba pisi ikatwe vizuri, au kata mwenyewe kidogo mwishoni, kwa sababu makasi butu yanabana ukuta na kipimo kinadanganya. Pima mahali panne ukizunguka. Ule unene ulioandikwa kwenye viwango hivi ni wa chini kabisa, ukuta unaruhusiwa kuzidi kidogo, hauruhusiwi kupungua. Kwa hivyo PPR ya 4.2 ikisoma 4.4 hapa na 4.3 pale ni sawa, ikisoma 4.6 upande mmoja na 3.6 upande wa pili rudisha, kwa sababu tundu liko kando na paipu inapasukia pale pembamba, haijali huo unene wa upande mwingine. Ukikosa kalipa, chukua pisi mbili za kampuni mbili zenye urefu sawa na andiko sawa uziweke kwa mizani ya pale dukani. Tofauti kubwa ya uzito ni ukuta, hakuna muujiza mwingine.

Na ukimtuma mtu, mwandikie yote: aina, kipenyo cha nje, unene, PN ama SN ama tarakimu ya kondoiti. "PPR 25 x 4.2 PN20". "Kondoiti 20, daraja la 4". Mwambie fundi pia, kwa heshima tu, "fundi, nisaidie uniwekee ile mabaki ya kila paipu, nitaipima jioni". Fundi mzuri hatakasirika.

Kabla ya plasta, funga ncha zote za maji, jaza, toa hewa, piga na pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya presha utakayotumia, acha saa kadhaa ukiangalia geji ya presha. Sindano ikishuka kidogo mwanzoni PPR inatanuka, pandisha tena, ikiendelea kushuka tafuta palipo na unyevu. Kwa kondoiti, hakikisha fundi wa stima yuko kwa saiti siku ya slabu, asiachie watu wa zege, na kesho yake apitishe waya wa kuvutia kwa kila laini moja moja, kabla ghorofa inayofuata haijaanza kuinuka.